Ngozi Ambayo Sijaipeleka

Chala, Nkasi
16 Juni 1996

Kaka Mboje,

Shikamoo. Shemeji naye mpe shikamoo yangu, na watoto waambie marahaba, nimewaitikia hata kabla hawajaniamkia. Natumaini barua hii itakukuta unatembea bila fimbo. Ulisema goti limepona, lakini mwandiko wako bado unachechemea. Sisi huku juu tu wazima. Baridi ya mwezi wa sita imetukamata. Wafipa wanatuambia hii si baridi, ni salamu tu. Ulezi umevunwa, na mwaka huu mvua ilikuwa ya haki.

Barua yako niliichukua dukani kwa Hamidi, pale Majengo, Sumbawanga mjini, nikaisoma nimesimama. Uliniagiza jambo moja: nichukue ngozi ya yule ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe, niipeleke kwa mkwe wetu Ngeleja, nimwambie kwamba ng'ombe aliyemtoa kwa mahari ya Debora wako amekufa hata miezi miwili haijatimia, hivyo atoe mwingine kama ilivyo desturi. Najua kijana wako anamsubiri ng'ombe huyo ili naye akaoe. Ngozi ipo, imekauka vizuri. Sijaipeleka. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unitukane. Ukianza katikati itabidi urudie.

Unajua tangu mambo yawe ruksa na biashara kuachiwa watu binafsi, serikali inapunguza watu na vitu. Kituo kimoja cha mifugo cha huku kilifungwa. Wilibrodi, Mfipa aliyepima damu pale miaka kumi na sita, alipewa barua ya shukrani na nafasi ya kuinunua darubini yake mwenyewe kwenye mnada. Akainunua, akaniuzia mimi kwa beberu mmoja, na mafunzo ya wiki mbili juu yake. Alisema mtu wa darasa la nne aliyemalizia elimu yake kwenye magazeti ya kufungia sukari ni wa hatari kuliko asiyesoma kabisa. Nilidhani ananisifu.

Darubini hii si ya kutazamia mbali. Inatazama karibu, tena karibu mno, mpaka unajiona kama umeingia nyumba ya watu bila hodi.

Ng'ombe wa mahari walipofika hapa kwangu nikupokelee, wazee waliwakagua kama kawaida: meno, kwato, chuchu. Mmoja alimpiga huyo mwenye paji jeupe kofi la mgongoni, akasema huyu atazaa mpaka atuchoshe. Siku ya tatu, wazee wakiwa wamekwisha kula na kuondoka, nikamtoboa sikio, nikachukua tone. Debora alikuwa bado anaishi kwangu, harusi imebaki mwezi. Yeye ndiye aliyenigeuzia kile kioo kidogo cha chini kielekee jua.

Kaka, nikuelezeje? Damu si nyekundu. Ukiitandaza inakuwa na unjano hafifu, imejaa vitu vya duara kama shanga bapa, maelfu kwa maelfu, vimetulia kama mkutano uliokosa mgeni rasmi. Halafu shanga moja ikatikisika. Katikati yake akapita mdudu mwembamba kuliko wazo, ubavuni ana utando unaocheza kama kanga kwenye upepo. Akazama, akazuka, akazisukuma shanga huku na huku. Hana jicho wala mguu, na anajua aendako! Nilivua kofia. Nakuambia kweli, nilivua kofia, na hapakuwa na mkubwa wa kuvuliwa.

Debora naye akachungulia, muda mrefu, kisha akaniuliza kitu kama kile kimepambwa hivyo kwa ajili ya nani.  

Wilibrodi alipoona alisema ni ndorobo, ugonjwa wa mbung'o, na ng'ombe kaja nao kutoka bonde la Rukwa alikokuwa akichungia Ngeleja. Mkwe wetu hakujua. Ng'ombe alikuwa ananawiri. Wilibrodi akasema si aibu wala ajabu, ni sindano moja. Dawa yenyewe ni unga wa njano wa kuchanganya na maji, na siku hizi Hamidi anaiuza kando ya biskuti. Nilipanda lori hadi Sumbawanga, kesho yake nikarudi nayo.

Sasa habari za madai yako zimetangulia kufika huku kabla ya ngozi. Debora yuko kwa mumewe, pale pale kwa Ngeleja, na mawifi wanamwimbia wakati wa kutwanga, kwamba baba yake kamla ng'ombe, sasa anataka kurudishiwa nyama. Yeye anatwanga tu. Angeweza kujibu, kaka, maana anajua. Ndiyo sababu naandika.

Niliporudi na dawa, niliona kwanza nimpime tena. Damu ilikuwa safi, hata mdudu mmoja hakuna. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne wakarudi, wengi kuliko mwanzo. Walikuwa wapi? Wilibrodi alisema wanabadili koti. Damu ikishawatambua na kuanza kuwaua, wachache wanavaa koti jingine, wanaanza upya kama wageni. Kiumbe kisicho na kichwa kinamhadaa ng'ombe mzima! Sikulala kwa furaha. Nikataka kuwaona wakitoweka tena, na wakirudi tena. Kila asubuhi Debora aliniuliza kama leo namchoma ng'ombe sindano, nami kila asubuhi nikamwambia kesho. Mbavu zilianza kuhesabika. Niliziona. Pakiti ya dawa ilikaa juu ya kabati langu siku kumi na tisa. Siku ya ishirini ng'ombe hakuinuka. Nikamchoma akiwa amelala, na mchana akafa. Na hili ndilo zito kuliko yote: alipokuwa anakata roho, nilichukua tone.

Baba alikuwa akisema macho yangu yana njaa kuliko tumbo. Nimejiuliza kama ndiyo kusema kujua ni balaa. Lakini Wilibrodi alijua hayo hayo, na kwa miaka yote kumi na sita hakumsubirisha ng'ombe hata mmoja. Na zamani, tulipokuwa hatujui kitu, ng'ombe walikufa vile vile, tukasema ni jirani katuroga.

Jana nilikwenda kwa Ngeleja bila ngozi, nimebeba darubini na dawa iliyobaki. Nikayasema haya yote mbele yake, mbele ya mawifi, mbele ya Debora. Ngeleja aliusogeza kando ugali uliokwisha kupoa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kuchungulia. Debora akajibu kutoka mlangoni kwamba sindano kwanza, kuchungulia baadaye. Darubini nimemwachia Debora, na dawa pia.

Mtamba wangu mwekundu, mwenye mimba, nimemtenga kwa ajili ya kijana wako. Nilimpima mara moja tu kabla ya kuiacha darubini, yu safi. Ngozi naikalia hapa ninapokuandikia, ina baridi.

Msalimie shemeji, na majirani wote, hata wale tuliohama bila kuwaaga. Mungu akupe goti jema na moyo mpana.

Ni mimi mdogo wako,
Nestory