Filamu ya Langoni Galu

Jumamosi, 7 Februari

Kupamba kwa akina Bi Zuhura, Ukunda. Nimeshika kamera tangu alasiri, mkono umekufa ganzi. Bibi harusi amepambwa kwa mapambo ya kuwatosha maharusi watatu. Nimewapitia wanawake wote usoni, mmoja mmoja, polepole. Atakayekosekana kwenye video ataninunia mpaka kiyama. Harusi ya tatu wiki hii. Watu wanakimbizana na Ramadhani.

Kesho lango la Galu. Vijana watakaa chini mbele yake, nami nitawapiga picha, kama nilivyowapiga mikutanoni miezi hii yote. Filamu yangu ya kwanza isiyo na keki.

Jumapili, 8 Februari

Wamekaa. Kama arobaini hivi.

Njia ile ya kwenda pwani nimeipita tangu nina meno ya utoto. Mwaka jana hoteli ya Galu ikajenga ukuta, ikatia lango, ikaweka askari. Mgeni anapita na chupi. Sisi tunaulizwa kitambulisho na "unakwenda kumwona nani?" Nakwenda kuiona bahari, baba.

Leo kila kijana alikuja na kitambulisho chake. Wakaketi, wakaviinua juu, kimya. Hakuna jiwe. Hakuna tusi. Akasimama Saumu, fundi cherehani, jirani yangu nyumba ya tatu. Miaka ishirini, sauti ya watu wanne.

"Kila siku mwatuuliza vitambulisho. Haya, tumewaletea vyote. Fungueni!"

Watu wakacheka. Askari mmoja wa lango naye alicheka, halafu akakumbuka kazi yake.

Kisha polisi. Hakuna onyo. Mabomu ya machozi juu ya watu walioketi! Nilikimbia na kamera ikiwa wazi. Mwisho wa picha ni leso yangu na mchanga. Nina hasira hata meno yananiuma.

Jumatatu, 9 Februari

Siku ya pili ya harusi yoyote, watu wa nyumbani wanataka kionjo. Dakika moja, cha kurusha kwenye simu. Nyuso za wanawake hazitiwi humo, ni heshima. Natia hina, pete, mikono. Mkono wangu umezoea.

Basi nikakata kionjo cha langoni. Uso wa Saumu sikuutia, kwa heshima ile ile. Nikatia sauti yake, na kamera ikimsogelea mkono ulioinuka, taratibu, kama ninavyoisogelea hina. Nzuri. Nilijipongeza. Nikarusha kabla ya chai.

Adhuhuri kilikuwa kimefika Mombasa na kurudi. Kioko, mhudumu wa hoteli moja ya Diani na mwenzao katika kupanga maandamano, akaniandikia: "Sista, hii ni moto!" Nikavimba kichwa.

Jumanne, 10 Februari

Wamemchukua Saumu. Asubuhi, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Walikuja na jina lake kamili.

Walilipata kwangu. Mkono ule niliousogelea ulishika nini? Kitambulisho. Jina limesomeka. Namba imesomeka. Na uso nilioustahi umo pale pale, kwenye picha ya serikali.

Nimekifuta kionjo, kana kwamba nchi nzima itafuta pamoja nami.

Nilikwenda kwa mama yake, Bi Mwanaisha. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia. Alikusanya vipande vya kitambaa sakafuni, akavikunja kimoja kimoja. Halafu: "Hiyo kamera yako yaona vyema, Mishi. Wewe je?"

Mjinga mimi.

Jumatano, 11 Februari

Mashtaka yametoka. Mkusanyiko usio halali, na kuwarushia polisi mawe. Mawe! Pale ni mchanga mtupu. Jiwe ungelazimika kuja nalo kutoka kwenu.

Wakili anayemtetea bure anasema picha yangu itamtoa. Lakini iwe nzima, isiyokatwa, isiyoguswa. Ukifunika uso mmoja tu, wataiita ya kughushi.

Nimeitazama tena. Nilivyowapiga! Kama harusini hasa: wote, mmoja mmoja, polepole. Nusu yao wanakula kwa kazi za hotelini. Nikiipeleka, namtoa mmoja na kuwakabidhi wote waliobaki. Nisipoipeleka, Saumu anakaa ndani kwa jiwe ambalo halikuwapo.

Polisi mmoja amenipigia simu kwa sauti ya mchumba. Ati naye angependa kuiona hiyo picha, "kuangalia tu". Nimemwambia mashine imeharibika. Itaharibika mpaka nitakapoamua.

Ijumaa, 13 Februari

Kwenye kazi yangu, mama wa bibi harusi hukaa nami kabla video haijatoka. Huyu abaki, yule mtoe. Leo baada ya swala nimewaita vijana wote. Nikaisimamisha picha kwenye kila uso, nikamwuliza mwenyewe. Nikawaambia wazi: akikataa mmoja, haiendi.

Kioko alikuwa wa kwanza. "Peleka. Lakini sista, si ungesema kuna kamera, ninyoe?"

"Hata ungenyoa," akadakia msichana mmoja.

Tukacheka, na tulikihitaji kicheko kile. Mmoja baada ya mwingine wakasema peleka. Alibaki kijana mmoja anayetandika vitanda hoteli ile ile ya Galu, mke wake ana mimba. Alitoka nje. Tukamngoja, hakuna aliyemfuata. Aliporudi hakuketi. "Peleka," akasema, akaenda zake.

Jumatatu, 16 Februari

Mahakamani. Wameitazama yote, mpaka leso yangu. Nimeona haya.

Hakimu akauliza jiwe liko wapi.

"Halikuingia kwenye picha, mheshimiwa," akajibu mwendesha mashtaka.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, tukanyamazishwa. Upande wa mashtaka ukanong'onezana, ukaondoa kesi. Hivyo tu. Siku saba za mtu, na hakuna aliyesema samahani.

Bi Mwanaisha alinishika mkono. Sikustahili.

Kioko hakuwa amefika hata nje ya geti la mahakama, simu ikalia. Kesho asije kazini. Hakuambiwa kwa nini. Waliojenga ukuta kwenye njia ya watu hakuna aliyewaita popote. Lango limefungwa vile vile. Nimeandika haya mara mbili, mara ya kwanza karatasi imechanika.

Jumanne, 17 Februari

Saumu amekuja. Amekonda kidogo. Nimempa chai, nikamwonyesha mwanzo wa filamu: yeye, amesimama, uso wote, jua limemkaa vizuri. Sijawahi kupiga picha bora kuliko ile.

Akaitazama mpaka mwisho wa maneno yake. Akasema, "Dada Mishi, mimi nifunike."

Ijumaa niliwauliza wote. Yeye alikuwa ndani.

Nilitaka kubisha. Kwamba kesi imekwisha. Kwamba bila uso ule sina filamu. Akasema, "Wanapajua kwetu. Nashona mlango ukiwa wazi. Sauti yangu iache."

Nikafungua mashine. Ni kazi ya kuchosha, kichwa kikisogea, doa la ukungu la kumfunika uso lazima lisogee nacho. Saumu alivuta kiti akakaa karibu nami, macho kwenye kioo cha mashine.

"Hapo," akasema. "Sikio laonekana."

Nikarudisha nyuma.