Kuwabara na tiketi za getini

Togashi, acha unachofanya usome. Kuwabara wetu ametoka kunipigia sasa hivi. Analia. Kuwabara analia!

Si unakumbuka mkewe Sanae alimpa nafasi ya mwisho? Alimwambia safari ya kumpeleka mtoto kwenye bustani ya michezo aipange yeye, mwanzo mwisho, na akiiharibu ndoa imekwisha. Wiki iliyopita nilimuuliza kama ameshanunua tiketi. Akanijibu, "Kaka, tulia. Tutanunua getini."

Getini! Sikukuu za Mei, nchi nzima iko likizo!

Wamekaa kwenye treni kwa muda wa saa nne. Mtoto kavaa masikio ya sungura tangu nyumbani. Dada wa getini akawainamia: "Samahani sana, wateja wetu. Tunauza kwa simu tu, na za leo ziliisha wiki tatu zilizopita."

Kuwabara akacheka. Alicheka, Togashi! Akamwambia mkewe, "Basi twende tukale rameni, turudi kesho." Na za kesho zimeisha.

Sanae hakupiga kelele. Alimvua mtoto yale masikio, akafungua mkoba, akatoa fomu ya talaka. Upande wake alishaujaza kabla hawajaondoka nyumbani. Akasema, "Hii mimi nimeipanga mapema."

Jamaa ametia sahihi palepale, fomu iko juu ya begi la mtoto.

Ili kuipokea fomu hiyo, manispaa inataka sahihi za mashahidi wawili. Mimi nimekubali, ningefanyaje? Wa pili amekutaja wewe, ila anaogopa kukupigia.