Kipimo Nilichokosea

Dada mpendwa,

Sisi hatujambo. Mguu wa mama unaendelea kupona, na gauni ulilonitumia limenikaa sawasawa.

Uliniuliza habari za chuo cha uuguzi. Walituagiza sisi walimu turekodi masomo yote ili wanafunzi wa mbali nao wasome. Nilipomaliza video ya mwisho, wakaniambia mkataba wangu umekwisha, kwani video zinatosha. Hilo nililimeza.

Lakini nilipoisikiliza ile ya dawa za watoto nikashtuka: ulimi uliteleza, nikataja kipimo mara kumi ya kinachotakiwa. Nikaenda kumwomba mkuu wa idara tuirekebishe.

“Mama, wewe si mfanyakazi tena,” akasema. “Video ni mali ya chuo.”

“Na mtoto atakayepewa dawa hiyo ni mali ya nani?”

Akaendelea kubonyeza simu yake.

Basi kila asubuhi nasimama langoni, nawaambia wauguzi wanafunzi kipimo sahihi, mmoja mmoja. Jana alitumwa mlinzi aniondoe. Binti yake anasoma pale. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa kalamu, akakiandika kipimo kiganjani mwake.

Nisalimie shemeji.

Mdogo wako, ambaye bado ni mwalimu