Mguu wa Kushoto wa Kina Dolan

Drumgora, Jumapili, 3 Agosti 1986

Mpwa wangu Fintan,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua. Mimi mzima, mama yako mzima isipokuwa goti, mke wangu Attracta mzima na ulimi wake pia. Natumai London haijakukondesha.

Habari kubwa: nimekuwa mteuzi. Wateuzi wa timu ni watatu, na wa tatu ndiye mimi. Miaka ishirini nimesimama pale ukutani nyuma ya kanisa baada ya misa nikiwapangia timu bure, mwishowe wameona aibu wakanipa cheo. Unajua shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu aliishiwa vya kunifundisha, lakini kwenye mpira huu wetu wa mikono na miguu hakuna wa kunipita. Mwaka hamsini na nane nilipiga mpira kule Aghavar ukapita juu ya mtambaa panya, ukapita juu ya makaburi, na kuku wa padri wao hakutaga tena.

Tuko nusu fainali, Fintan. Sisi, Drumgora. Mara ya mwisho babu yako alikuwa hajaota ndevu. Tunakutana na haohao Aghavar tarehe 31, na ukutani hakukaliki. Kocha wetu, Mwalimu Tiernan, anataka pasi fupi za mkono, kama akina mama wanaopitishiana sahani. Mimi nasema piga mbali, piga juu, mpelekee Cathal mwanangu pale mbele ya goli, namba kumi na nne, agombanie. Shida ni mipira ya adhabu. Tangu uondoke hakuna anayeipitisha juu ya goli tupate pointi. Wewe unasemaje?

Mjomba wako,
Malachy


London, 10 Agosti 1986

Mjomba,

Heshima yako. Mimi mzima, mikono tu imejaa simenti. Barua yako niliisomea ghorofa ya tano wakati wa chai, wenzangu wakadhani nalia. Nilikuwa nacheka. Kidogo nililia pia.

Mwalimu yuko sahihi. Cathal ni kaka yangu, lakini hiyo si nafasi yake, na mipira yako ya juu italiwa yote na mabeki wa Aghavar. Mrudishe nyuma, namba tatu, alipokuwa anacheza kwa raha, kisha mcheze pasi fupi.

Kuhusu adhabu sina jibu. Tangu Machi nimehama rasmi, jina langu liko kwenye timu ya Heneghan. Yeye ndiye mwenyekiti wa timu na ndiye bosi wa ujenzi. Ananipa kazi kwa sababu nampa pointi. Ndivyo mambo yalivyo huku.

Msalimie mama. Goti asilipigishe magoti sana kanisani.

Mpwa wako,
Fintan


Drumgora, 14 Agosti 1986

Mpwa wangu,

Salamu tena, wote wazima. Barua yako niliwasomea ukutani kwa sauti. Pale uliposema Mwalimu yuko sahihi paliruka penyewe.

Sasa tulia unisikilize. Wewe na Cathal mna nywele zilezile nyekundu na mgongo uleule. Siku ya kipaimara askofu alikubariki wewe mara mbili na Cathal akarudi nyumbani mtupu, au nakumbuka vibaya? Panda meli ya Ijumaa. Jumapili tunakufunga bandeji kichwani kama mtu aliyegongwa na ng'ombe, kwenye karatasi ya timu hatuandiki Fintan Dolan, tunaandika Cathal Gaffney, na jioni unarudi London ukiwa na mkate wa mama yako kwenye mfuko. Mwalimu hataki kusikia habari hii, maana yake hataikataa. Cathal nimemwambia. Hakusema hapana.

Mjomba wako,
Malachy


London, 20 Agosti 1986

Mjomba,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Nimeandika barua mbili za hapana nikazichana.

Ujue ninachoweka mezani. Nikikamatwa nafungiwa mwaka mzima, huko na huku. Nisipocheza, Heneghan hana kazi na mimi, na chumba ninacholala ni chake. Lakini jezi ya Drumgora kwenye nusu fainali sijawahi kuivaa, na nikiisubiri kihalali nitazeeka. Nakuja.

Sharti ni moja na unalijua: mdomo. Usimwambie mtu, hata Attracta, hata farasi. Na Cathal, yeye mwenyewe amekubali? Muulize vizuri, mjomba. Usimwambie, muulize.

Mpwa wako,
Fintan


Drumgora, 2 Septemba 1986

Fintan, mguu wa dhahabu,

Umefika salama? Mama yako bado anazunguka na ile sahani uliyolia nyama na kabichi, hataki ioshwe.

Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa ndani ya mchezo, hukuuona. Mimi niliuona. Pointi nane, saba za mguu wa kushoto! Ile ya mwisho, kwenye kona kabisa, upepo usoni, watu wa Aghavar wakikutukania mama bila kujua ni mama yupi, mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu akuachie. Ulipoupiga mpira ulitoka nje, ukafikiri, ukarudi. Pointi moja tu tumewazidi, na nusu yake naidai mimi.

Cathal alikaa muda wote kwenye banda la nyasi kavu, akisikiliza kelele zilizoletwa na upepo. Sasa watu wanamsimamisha barabarani kumpa mkono na hajui uso auweke wapi. Atazoea. Ukutani nimenyamaza kama sanamu, niamini. Hata jana Packie Rourke wa Aghavar alinikuta baa akaninunulia wiski. Muungwana sana, kwa mtu wa Aghavar.

Fainali ni tarehe 28. Andaa bandeji.

Mjomba wako,
Malachy


London, 9 Septemba 1986

Mjomba,

Mama amenipigia simu. Aghavar wameweka pingamizi. Kwenye karatasi yao kuna jina langu kamili, jina la timu yangu ya huku, na meli niliyopanda.

Nani alimwambia Packie?

Fintan


Drumgora, 21 Septemba 1986

Fintan,

Sisi wazima. Sijui kama unataka kujua.

Ni mimi. Packie aliweka glasi mbele yangu akasema, "Malachy, mwanao huyo ule mguu wa kushoto kautolea wapi?" Ningeweza kusema ni neema ya Mungu. Ningeweza kunywa. Lakini ile sifa ilikuwa inapita mbele yangu ikienda siko, nikashindwa. Nikasema, "Cathal? Cathal hawezi kupiga mpira ukamvuka ng'ombe aliyelala. Ule ni mguu wa kina Dolan, umekuja na meli ya Ijumaa."

Jana kamati ilituita, mimi na Cathal. Mwenyekiti akamuuliza kama ndiye aliyecheza. Akasema ndiye. Alisema uongo kwa ajili yako na kwa ajili yangu, bila kupepesa. Basi yule mwenyekiti akavaa miwani akasoma maelezo ya Packie, neno kwa neno, mpaka kwa ng'ombe, akaniuliza kama hayo ni maneno yangu.

Fintan, nilivua kofia yangu nikaitazama.

Cathal ndiye aliyejibu. Alisema, "Ni yake, mzee. Nayajua hata bila kusomewa."

Mmefungiwa wote wawili mwaka mzima. Aghavar wanaenda fainali. Mimi hawakunifanya kitu, wala hawakuniandika popote. Nimemwandikia Heneghan kwamba kosa ni langu, akuache na kazi yako. Nijibu hata kwa kunitukana.

Mjomba wako,
Malachy


Drumgora, Jumapili, 22 Februari 1987

Mpwa wangu Fintan,

Pokea salamu. Hii ni ya nne tangu Septemba. Naipeleka kwenye anwani ileile. Hazirudi, kwa hiyo nasema kuna mtu anazipokea. Heneghan alinijibu mistari miwili: kijana hafanyi kazi kwake tena, hajui alipo. Mama yako anasema unampigia simu. Nikimuuliza unakaa wapi anakwenda kutazama kuku.

Aghavar walichukua kombe. Kwa pasi fupi za mkono, Fintan, tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilikuwepo, nilisimama peke yangu upande wa makaburi. Ulikuwa sahihi.

Cathal aliondoka Januari, London pia. Mama yake alimfungia mkate na mayai. Nilibeba sanduku lake mpaka kwenye basi na njia nzima nilitafuta la kumwambia, nikamwambia kuna baridi. Hakuniomba anwani yako. Nadhani anayo. Kama yuko hapo karibu nawe, usimsomee hii, muulize tu kama ana koti la maana.

Ukutani naenda bado, kwa mazoea. Wananiuliza nani aanze mbele, nawaambia mvua inakuja. Tumebaki kumi na watatu badala ya kumi na watano, na mmoja wao ana miaka arobaini na minne na anafanya kazi ya kuchonga majeneza. Alhamisi tunapeleka karatasi ya timu kwa mechi ya kwanza ya ligi. Nimeiandika mimi, kwa mkono wangu, unaujua ulivyo mbaya. Namba kumi na moja, ile yako, nimeiacha wazi. Namba tatu pia. Cathal nimemrudisha nyuma, kama ulivyosema.

Mwalimu Tiernan anasema karatasi yenye mapengo haipokelewi, na hata hivyo hamruhusiwi mpaka Septemba. Najua. Nimemwambia asubiri kwanza tarishi wa barua apite.

Mjomba wako,
Malachy