Karatasi Mguuni mwa Chozi

Mtoni, Jumatano

Shikamoo Babu,

Makumbusho wamempokea yule ndege wetu, chozi, uliyemwokota chini ya dirisha la kanisa ukamkausha kwa chumvi! Shangazi alipofungua kopo alipiga kelele: "Mama wee! Baba ametuletea mboga au maiti?" Tulicheka sana, ila mie nikaingiwa na aibu. Pale mlangoni pa makumbusho nusura niifungue karatasi uliyomfunga mguuni, yenye jina la kilima chetu na tarehe. Niliogopa watatucheka.

Nashukuru sikuitoa. Mama anayetunza ndege waliokaushwa pale aliisoma kabla hata ya kumtazama chozi. "Mwanangu, bila hii angekuwa manyoya tu," akasema. Akavuta droo, Babu, na mle wamelala chozi wa kilima chetu waliookotwa kabla hujazaliwa! Wanapima midomo yao, waone inavyobadilika kizazi hadi kizazi. Wa miaka hii hawakuwa naye hata mmoja.

Akauliza nani aliyemwokota. Unajua ninavyoshindwa kusema mbele ya watu. Lakini jina lako nililitaja lote, kwa sauti, na limeandikwa kwenye daftari lao.

Asante, Babu. Mungu akulindie macho yako.

Mjukuu wako,
Neema