Radhi Niliyoizuia Juu ya Maji ya Deira

Mjukuu wangu Zuhura,

Naandika mwenyewe. Herufi zangu zimepinda, chuoni sikukaa sana, lakini neno hili simpi mtu aniandikie.

Unaikumbuka ile Ijumaa? Nilikuja Dubai kwa mjomba wako, yule anayenunua bidhaa soko la Naif. Madam wako, uliyekuwa ukimfanyia kazi za nyumbani, akakupa ruhusa ya siku moja, ukaja kunitembeza. Ukakodi abra, kile kimashua cha kuvushia watu, kituzungushe khori nzima ya Deira, ule mkono wa bahari unaoukata mji. Nikakugombeza kwa buibui lako la kumeremeta. Ukacheka: "Mke mwenzangu, usinionee wivu."

Asubuhi ilikuwa vumbi tupu, majumba ya ng'ambo hayaonekani. Likaja jua la kuchoma. Ukanionyesha minara, maduka, vyombo vya baharini vimepakiwa mafriji hadi juu, utadhani mji ule umeujenga wewe. Mara wingu, mvua ikatumwagikia, na jua bado linawaka. Nikakufunika kwa kanga yangu. Nikayahisi mabega yako, mifupa mitupu. Nikauliza, hao matajiri wako hawakulishi?

Chini ya kanga ile ndipo uliposema, "Bibi, sikuja kumzika mama kwa kuwa pasi yangu alikuwa nayo madam. Nilimshika hadi miguu. Niwie radhi."

Mama yako nilimzaa mimi. Siku zote za matanga nilikuwa nautazama mlango. Basi kwa kiburi changu nikayatazama maji, nikasema, "Mtu akitaka kuzika, huzika."

Mvua ilipokatika ukanikamulia ncha ya kanga, ukaniuliza kama nina njaa.

Mdogo akiomba radhi, mkubwa hujibu papo hapo. Ndivyo tulivyofunzwa, nami ndivyo nilivyowafunza nyote. Lakini nilisema moyoni, mwache aonje kwanza, nitampa siku yangu ya kuondoka. Siku ya kuondoka madam hakukuruhusu kutoka.

Mwezi wa pili baada ya mimi kurudi, homa ikakuchukua. Ukazikwa huko huko, siku ile ile, mimi niko Mombasa nahangaikia viza.

Hakuna aliyenirudishia neno langu lile la kuzika. Nalisikia mwenyewe kila nikimimina maji ya udhu: kwanza sauti yako, halafu yangu. Mvua ikinyesha na jua likiwaka sitoki nje. Watoto hapa nyumbani wanadhani naogopa mafua. Na kanga ile nimeianika mara ngapi, nikijitanda naiona imeloa begani, pale ulipoegemea.

Nawe una makosa. Ungeomba mara ya pili. Mtoto gani anaomba mara moja tu, na bibi yake anamjua alivyo mkaidi?

Haya. Nimekuwia radhi, Zuhura, duniani na akhera, kwa hilo la kuzika na kwa lolote jingine. Sasa niwie radhi mimi. Najua aliye kaburini hajibu. Mimi nilikuwa hai, umeniegemea, na sikujibu.

Ni mimi bibi yako,
mke mwenzio