Pale Masanja Anapoganda

Jumatatu, 3 Machi
Nimehariri video ya ubatizo na nusu ya sendofu. Mchana kapiga simu Kulwa, dada yake Masanja, kutoka Kishapu. Masanja ni yule mchimbaji wa Rwamgasa, harusi yake niliipiga mimi mwaka jana. Amefariki. Duara, shimo la dhahabu, lilimfukia mwezi uliopita. Sikuwa na habari.

Alichopigia: ile video inaganda kwenye TV ya mama yao. Kila mara pale pale, Masanja anapokuja akicheza kumtunza mama kitenge. Rimoti haisikii mpaka wachomoe waya. Mama hajamwona mwanawe akimfunga hicho kitenge.

Nikamwambia TV yao mbovu.

Jumanne, 4 Machi
TV si mbovu. Nimejaribu kwenye TV kuukuu ya fundi jirani, imeganda pale pale.

Kosa ni langu. Nilipandisha ubora wa picha hadi mwisho ili watu wanisifu. Na mimi ndiye niliyesema wamwage karatasi za kumeta wakati wa kumtunza mama. Zikianza kuruka, faili linakuwa zito ghafla, TV ndogo inazidiwa. Harusini nilijiona fundi kweli. Leo najichukia.

Alhamisi, 6 Machi
Kadi ya kamera nilishaifuta. Bahati faili lile zito bado liko kwenye kompyuta. Nimeshusha kiwango. Ikaganda. Nimeshusha tena. Ikapita. Masanja akafika kwa mama yake. Fundi akauliza mbona nalia. Moshi wa risasi unayolehemu, nikamwambia.

Jumamosi, 8 Machi
Kishapu. Shikamoo, marahaba, pole. Mama Masanja akakaa mbele ya TV, Kulwa akachomeka flashi mpya.

Haikukwama. Masanja akamfunga mama kitenge, wakakumbatiana. Halafu akageuka, akarudi kwenye mstari na wenzake, akapotea humo.

Mama akamwambia Kulwa arudishe ile ya zamani.

"Si inaganda, mama?"

"Iache igande. Kule anasimama ananiangalia. Huku anaondoka."

Kulwa akairudisha. Ikaganda. Masanja ameshika kitenge, karatasi zimesimama hewani. Mama akasogeza kigoda. Tukakaa naye hivyo mpaka uji ukapoa.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi Geita. Sikufungua duka. Flashi zote mbili nimemwachia. Faili la zamani nimelinakili pembeni, likiharibika lile la kwao nimpelekee jingine.